Pazia la Gunia Mlangoni kwa Bi Zuhura

Siku mliponiaga pale karakana mlinitaka niseme maneno mawili. Nikasema "asanteni", nikauliza keki iko wapi, nikaona nimemaliza. Tangu hapo Neema hajaniacha. Kila Jumatatu ananipigia simu: "Mama Jabu, andika basi, sisi wengine tutajifunza kwa nani?" Haya, naandika. Nimekaa kibarazani kwangu upande wa kivuli, na daftari la mjukuu ambalo kurasa zake za mwanzo zina hesabu za kugawanya, zote amekosa. Mambo ya vyeo hamtayapata humu. Siyakumbuki, na nikiyakumbuka nitakasirika.

Kazi yetu mnaijua, ni kupooza nyumba. Tunapaka mabati rangi nyeupe, tunapiga dari, tunatandika pamba juu yake, tunafunga feni na zile mashine za maji. Mimi niliingia humo bila kukusudia. Mume wangu alikuwa mkimbizi wa siasa kule Morogoro, na kwao kulipopata uhuru akarudi Johannesburg na mke wa Tanga na masanduku mawili. Useremala nilikuwa nimeshajifunza, na karakana ya Mtaa wa Jules ilikuwa inatafuta mpiga dari. Nikaenda na nyundo yangu mkononi. Aliyenipokea alikuwa Papa Lambert, fundi wa Bukavu, mtu mwembamba mwenye kofia ambayo sijawahi kuiona imevuliwa. Alinitazama kuanzia ushungi hadi viatu.

"Maman, ngazi unapandaka?"

"Napanda."

"Basi panda."

Nikapanda, na kazi nikawa nimeipata.

Siku yangu ya kwanza kwa mteja niliiharibu vizuri sana. Papa Lambert aliniacha kwenye nyumba moja hapo hapo Malvern, kitongoji cha karakana yetu, nipime dari, yeye akaenda kununua misumari. Nilipoingia nikakuta madirisha yote yamefungwa na mapazia yameshushwa, na nje jua linawaka. Nikasema moyoni, masikini watu hawa, wanajipika wenyewe. Kwetu Tanga ukisikia joto unafungua kila kinachofunguka, ili upepo wa bahari upite ndani utokee uani. Basi nikafungua. Madirisha, milango, hata kile kidirisha cha choo. Papa Lambert aliporudi alisimama mlangoni, akafuta miwani yake, akaivaa tena.

"Ni nani alifungua?"

"Mimi. Nyumba ipate hewa."

"Hewa gani, Maman? Ile ya inje iko moto kupita ya ndani! Umeita jua likuje kula na siye."

Akacheka mpaka akakalia ndoo ya rangi. Kisha akanieleza jambo ambalo nimewaeleza ninyi mara mia na bado mnasahau. Huku bahari iko mbali na hewa ni kavu. Mchana moto, usiku baridi. Nyumba inashiba ubaridi usiku, na kazi yako mchana ni kuulinda usitoroke. Jua likizama fungua, uache wazi usiku kucha. Ikifika saa tatu asubuhi funga, ushushe mapazia, hasa upande wa machweo, maana ukuta wa machweo ndio unaokuja kukusumbua wakati wa kulala. Feni na mashine ni nyongeza. Nyumba isiyofungwa kwa wakati wake, hata ukiitundikia feni kumi, utakuwa unazungusha joto tu.

Vifaa vyangu vilikuwa vitatu. Cha kwanza kipimajoto, ambacho hutundikwa ndani, kivulini, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, kwa sababu mgonjwa wa joto hakai darini. Cha pili mgongo wa mkono, wa kugusia dari na kuta. Cha tatu nilikuja nacho mwenyewe: vijiti vya udi. Ukitaka kujua hewa inaingilia wapi na inatokea wapi, washa kijiti, simama nacho katikati ya chumba, tazama moshi unaelekea wapi. Papa Lambert mwanzoni alisema naleta uchawi kazini. Baada ya miezi kadhaa nikamkuta anapekua mkoba wangu. "Maman, ile fimbo yako ya kunukia iko wapi? Hii nyumba inanishinda." Wateja nao waliipenda, na wako waliotuita mara ya pili hali nyumba zao hazina tatizo lolote.

Kila Januari karakana ilitupeleka upande wa jangwa, kaskazini magharibi, mwendo wa siku nzima garini. Huko ndiko nilikosea kosa ambalo nadhani mtu wa bara asingeweza kulikosea. Tulimfungia mama mmoja mzee mashine ya maji, ile inayovuta hewa kavu na kuipitisha kwenye sponji iliyolowa ili iingie ndani imepoa. Papa Lambert alikuwa juu ya paa la jirani. Mimi nikawasha mashine, na kwa kuwa sasa nilikuwa mwanafunzi mzuri, nikafunga kila dirisha na kila mlango. Baada ya saa moja chumba kilikuwa kimejaa mvuke. Shuka zililegea, kuta zikatoa jasho, na mimi nikakaa kwenye kiti nikafumba macho kwa raha. Harufu ile, unyevu ule shingoni! Nilikuwa sijasikia hali kama hiyo tangu nitoke Tanga. Nikajiambia kazi imekubali, maana nasikia niko nyumbani. Mama wa watu alikuwa amelala kitandani mdomo wazi, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Maman," Papa Lambert alisema dirishani, "umefurahi weye peke yako."

Ndipo nikajifunza kwamba hewa iliyolowa lazima ipewe njia ya kutokea. Mashine ya maji ikiwashwa, dirisha la upande wa pili liachwe wazi upana wa kiganja. Yule mama hakunikasirikia. Alinipeleka nyuma kwenye kibaraza chake akanionyesha kabati la waya alilolizungushia gunia lililoloweshwa maji. Ndani yake mlikuwa na maziwa, na yalikuwa baridi. Hakuwa na friji, na alivyosema, hakuwa na haja nayo. Nililitazama kabati lile muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

Miaka ikaenda. Papa Lambert akachoka magoti, akahamia Cape Town kwa mwanawe, ngazi akaniachia mimi. Nyumba nimepooza nyingi, na nyingi nimezisahau. Ila ya mwisho sitaisahau, na hiyo ndiyo Neema anayonitaka niiandike, nami nilikuwa naikwepa kwa sababu nikiisimulia nalia, na mimi sipendi kulia mbele ya watu wadogo.

Ilikuwa Oktoba iliyopita, mvua bado, joto limeanza mapema. Mlangoni pa karakana alisimama nesi mmoja aitwaye Nomsa. Mama yake ni Bi Zuhura, mtu wa Lindi, naye kama mimi aliletwa huku na mume aliyerudi kutoka uhamishoni. Mume alishafariki. Bi Zuhura anakaa peke yake mtaa wa tatu kutoka Jules, nyumba ya zamani ya matofali yenye paa la bati. Kiangazi kilichotangulia joto lilimwangusha jikoni, na jirani akamkuta sakafuni. Nomsa anafanya kazi hospitali moja Polokwane, mji ulio mbali kaskazini, na hawezi kuja kila siku. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, lakini alisema kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Kiswahili anakielewa chote, ila tangu utoto hajibu kwa lugha hiyo. Mama yake alishazoea.

"Anti, sitaki kumzika mama yangu kwa sababu ya bati," alisema. "Nyumba hiyo ikipoa, abaki. Isipopoa namchukua. Nitakuja Jumapili, saa tisa mchana, jua likiwa kali. Kipimajoto kikisoma chini ya ishirini na saba, sitasema neno. Kikizidi, nakuja na masanduku."

Nilipomfikishia Bi Zuhura habari hiyo alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Nimekwenda huko Polokwane kwake," alisema. "Ghorofa ya tatu. Mlango una chuma fulani juu, ukiuachia tu unajifunga wenyewe. Nilikaa wiki mbili, Mama Jabu. Hakuna aliyenibishia hodi hata siku moja. Nikawa naisalimia friji."

Nikamwambia hataondoka. Nilisema haraka mno, kabla sijapanda hata darini, na usiku ule nilijuta. Lakini kazi tuliifanya, wengine mlikuwepo. Siku ya Jumatatu tukapaka bati nyeupe. Jumanne tukatandika pamba ya dari, tukatoboa tundu la kutolea joto kileleni. Jumatano tukauwekea kivuli ukuta wa machweo. Nikampa Bi Zuhura masharti yote ya kufunga na kufungua, akayarudia neno kwa neno. Alhamisi mchana nikampigia simu anisomee kipimajoto. Thelathini na mbili. Nikadhani amekosea kusoma. Nikaenda jioni, nikapanda, nikagusa dari, baridi. Nikagusa ukuta, baridi. Nikafunga kila kitu, nikawasha udi, moshi ukasimama wima. Nyumba ilikuwa haina kosa hata moja, na Jumapili ilikuwa imebaki siku tatu.

Nikampigia Papa Lambert. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maman, nyumba haina kosa. Wacha kuangalia nyumba. Angalia mutu."

Ijumaa saa saba mchana nikaenda bila taarifa. Nikakuta mlango wa mbele wazi kabisa, umeegemezwa kwa tofali. Sebuleni kuna mkeka, juu ya mkeka wanawake wanne na birika la chai, na katikati Bi Zuhura, jasho linamtiririka, anacheka.

"Bi Zuhura! Si tulisema saa tatu funga?"

"Madirisha nimefunga."

"Na mlango?"

"Ah, mlango." Alivuta kanga yake begani. "Mwanangu, wewe ni mtu wa Tanga. Kwenu mtu anafunga mlango mchana lini?"

Jibu nilikuwa nalijua. Kwetu ukifunga mlango mchana kweupe kuna mawili: kuna msiba, au umegombana na mtaa mzima. Mlango ulio wazi ndio unaosema karibu, kabla wewe hujafungua mdomo. Miaka yote ile Malvern, Bi Zuhura hakuwahi kuufunga. Mama Goreti, Mrundi anayeuza vitenge barabarani, alikuwa anaacha watoto wake hapo. Na siku ile alipoanguka jikoni, aliyemwona ni huyo huyo Mama Goreti, aliyekuwa anapita tu, akachungulia.

Hata hivyo nikamwomba tujaribu. Tukatoa mkeka, tukafunga. Haikupita nusu saa mtu akagonga, kisha wengine wakagonga. Nilipofungua, Mama Goreti alikuwa amesimama na kilo ya sukari, macho mekundu.

"Amefariki saa ngapi?" aliniuliza.

"Nani?"

"Si mama. Mlango umefungwa!"

Bi Zuhura akatokea nyuma yangu, na Mama Goreti akapiga yowe, sukari ikamwagika. Tulicheka mpaka tukashikana. Lakini baada ya kicheko Bi Zuhura alikaa kitako, akasema polepole, "Nikiufunga nitabaki hai, lakini nitakuwa nimekaa Polokwane hapa hapa." Nikasikia uchungu, kwa kuwa alisema kweli, na mimi ndiye niliyemwahidi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilipofika Jules, kwenye robot, zile taa za barabarani, nikalikumbuka lile kabati la waya jangwani, na maziwa yake. Nikasimama pale mpaka taa ikabadilika mara mbili na mtu wa teksi akanipigia honi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Newtown sokoni, kwa watu wanaoshona mikoba ya magunia ya kahawa. Nikachukua manane. Neema na Claude, mnakumbuka mlivyoninung'unikia kwa kuwaita Jumamosi. Tukashona manne, mawili mawili, kuwa pazia zito, manne yakabaki pembeni, tukalitundika pazia mlangoni, limegawanyika katikati ili watu wapite. Juu yake tukafunga bomba la plastiki tulilolitoboa kwa msumari wa moto, linalopokea maji kutoka kwenye ndoo iliyowekwa rafuni. Chini beseni, na maji ya beseni mtu anayarudisha kwenye ndoo kwa kopo. Umeme hautakiwi, kwa hiyo ukikatika haidhuru. Mlango ule kwa bahati unatazama unakotokea upepo wa Oktoba, ule mkavu unaopasua midomo, na kibaraza kinaukinga na jua. Upepo ukipita kwenye gunia bichi unaingia ndani mwingine kabisa.

Nikafungua dirisha la nyuma upana wa kiganja, somo la yule mama wa jangwani. Nikawasha udi. Moshi uliinama, ukaelea taratibu kuelekea dirishani, ukatoka. Claude akapiga makofi. Mimi nilikaa sakafuni.

Na mlango ulikuwa wazi. Mtu wa kibarazani anaita hodi, anajibiwa karibu, anapenya. Kila anayepenya analowa bega.

"Eh, hapa ninabatizwa kila nikija!" alisema Mama Goreti.

"Na mimi natawadha bure," Bi Zuhura akamjibu.

Jumapili Nomsa alifika mapema, saa nane. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, akaendesha gari moja kwa moja, bado na sare yake. Aliburuta sanduku kubwa tupu mpaka kibarazani, akaliacha hapo tukilitazama. Majirani walikuwa wamekaa kibarazani, na Mama Goreti alikuwa na rozari mkononi. Nomsa akapenya kwenye pazia, akalowa, akasema "Eish!" na akasimama. Alimsalimu mama yake, akaniamkia, akakaa mkekani avue viatu. Kiatu kimoja alikivua. Cha pili kilibaki mguuni, maana alijiegemeza ukutani kidogo, akateleza mpaka kwenye mto, akapitiwa na usingizi.

Mimi na Bi Zuhura tulitazamana. Chai ikapoa. Saa tisa ikafika, nje jua linapasua. Kipimajoto kilikuwa kimetundikwa juu kidogo ya kichwa cha Nomsa, na kukisoma ilibidi nimruke. Nikanyanyuka nusu, Bi Zuhura akanishika mkono kunizuia. Miaka yote ya kazi, na sijui namba.

Saa kumi kasorobo, Nomsa akajikunja. Akavuta magoti kifuani, macho yamefumbwa, akasema kwa sauti ya mtoto, kwa Kiswahili cha Lindi:

"Mama, nipe shuka. Nasikia baridi."

Bi Zuhura akafungua kanga aliyojitanda, akamfunika mwanawe kuanzia mabegani hadi kile kiatu, akamvua kiatu. Akainuka, akapenya kwenye pazia, akatoka kibarazani kwa majirani zake. Nilimsikia akijaribu kunong'ona na akishindwa: "Amesema baridi! Oktoba, amesema baridi! Na amesema kikwetu!" Vigelegele vilivyofuata viliwatoa watu madukani.

Jioni Nomsa alirudi Polokwane peke yake. Kipimajoto hakukitazama, na sisi hatukumkumbusha. Ila alipokuwa anaaga aliliingiza sanduku ndani, akalifungua, akaniuliza magunia yale yaliyobaki kama yana mwenyewe. Alisema ghorofani kwake ule mlango una chuma kinachoufunga, na kesho yake asubuhi angekuwa na bisibisi ya kukitolea, mlango ukae wazi.